Kwa nini goli linafika kwenye kundi kabla halijafika kwenye skrini yako

Usiku wa Januari 21, 2024, Taifa Stars, timu ya taifa ya Tanzania, ilikuwa San Pedro, Côte d'Ivoire, ikicheza na Zambia kwenye fainali za AFCON, Kombe la Mataifa ya Afrika. Simon Msuva alitufungia dakika ya 11, na kabla ya mapumziko Zambia wakawa wamebaki kumi. Tangu tuliposhiriki fainali hizo kwa mara ya kwanza mwaka 1980, tulikuwa hatujashinda mechi hata moja. Kwenye kundi letu la WhatsApp, watu kumi na wanane tuliosoma sekondari moja, kila aliyeandika kitu kipindi cha pili aliandika dua.

Kifurushi changu cha king'amuzi kilikuwa kimekwisha, hivyo nilinunua bando nikatazama kwa simu. Saa ya mchezo pale juu ya skrini ilikuwa bado haijafika dakika ya 88 ujumbe ulipoingia kutoka kwa mwenzetu aliye Dodoma: "Wamesawazisha." Neno moja. Nikabaki nimeshika simu kwa karibu dakika nzima, nikiwaangalia vijana wetu wakiukimbilia mpira ambao mwisho wake nilishaujua. Kisha Patson Daka akafunga. Ikawa 1-1, na mechi ikaisha hivyo.

Nilimwandikia yule ndugu maneno ambayo nimeshamwomba radhi. Mwenzetu wa Toronto, ambaye naye alikuwa anatazama kwa simu, akajitoa kwenye kundi usiku uleule. Aliyeandika alijitetea kwa sentensi moja tu: "Jamani, mimi nimeandika baada ya kuliona." Alisema kweli. Goli aliloliona yeye lilikuwa bado halijatufikia sisi, na wote tulikuwa tunatazama matangazo yaliyoandikwa "mubashara".

Nimelifuatilia jambo hili tangu usiku ule, kwa sababu nimeona urafiki wa miaka ishirini ukitikiswa na sekunde arobaini ambazo hakuna hata mmoja wetu aliyezipanga. Mtu anaitwa mchawi, mmbea, mvurugaji, kumbe kosa lake ni kuwa na dishi.

Wa mbali si lazima awe wa mwisho

Ukiuliza kwa nini picha inachelewa, jibu la haraka ni umbali. Setilaiti iko juu sana, Toronto ni mbali, basi. Jibu hili linaingia akilini, ila hesabu inalikataa.

Setilaiti zinazotuletea televisheni ziko juu ya ikweta, kilomita 35,786 kutoka ardhini. Zimewekwa hapo kwa sababu katika kimo hicho zinazunguka sambamba na dunia, ndiyo maana fundi akishalielekeza dishi lako mara moja linabaki hivyohivyo miaka yote. Picha inapanda hadi kule na kushuka, zaidi ya kilomita 71,000. Lakini mawimbi hayo yanakwenda kwa kasi ya mwanga, kilomita 300,000 kwa sekunde. Safari nzima inakula takriban robo ya sekunde. Hata mechi ya ugenini ikipanda setilaiti moja kuja studio, kisha nyingine kuja kwako, ni nusu sekunde. Hujamaliza hata kutamka neno "goli".

Mtandao nao ni vivyo hivyo. Ndani ya nyuzi za kioo za mikongo inayopita chini ya bahari, mwanga hupungua kasi hadi kiasi cha kilomita 200,000 kwa sekunde. Njia ya kwenda Canada hata ikizungukazunguka ikafika kilomita 20,000, hiyo ni sehemu moja ya kumi ya sekunde. Kwa hiyo mwenzetu hakuchelewa kwa kuwa yuko Toronto. Angekuwa Mbagala akitazama kwa programu ileile, angechelewa vilevile.

Picha inapobanwa

Sekunde zinapotelea mahali pengine kabisa, kwenye mashine zinazobana picha.

Picha moja ya HD, yaani ile ya ubora wa juu, ina nukta 1,920 kwa upana na 1,080 kwenda juu, jumla zaidi ya milioni mbili. Kila nukta inahitaji biti 24, yaani zile sifuri na moja za kompyuta, za kueleza rangi yake, na kwa sekunde moja zinapita picha 25. Ukizidisha unapata biti bilioni 1.2 kwa kila sekunde ya mchezo. Hakuna king'amuzi cha nyumbani kinachopokea mzigo huo. Chaneli ya HD ikibanwa hadi biti milioni tano kwa sekunde, ina maana kile kilichotoka kwenye kamera kimepunguzwa zaidi ya mara mia mbili.

Mashine inayofanya kazi hiyo, enkoda, haitumi kila picha ikiwa nzima. Inatuma moja kamili, halafu zinazofuata inatuma mabadiliko tu: nyasi ni zilezile, jukwaa ni lilelile, kilichosogea ni mpira na miguu. Ili ijue nini kimesogea na nini kimebaki, lazima kwanza ishike picha kadhaa na kuzilinganisha. Mara nyingi inasubiri ione picha ya mbele ndipo iieleze vizuri ya nyuma yake. Kusubiri huko ndiko kunakokula muda. Kabla yake, studio ilishaweka nembo, matokeo na sauti ya mtangazaji. Baada yake, king'amuzi chako kinayafumua yote yale yaliyofumwa, na kama chaneli ni ya kulipia kinafungua na kufuli. Ukijumlisha, mwenye dishi mara nyingi yuko nyuma ya uwanja kwa sekunde tano hadi kumi hivi.

Hapa pana mambo yanayowashangaza wengi. Chaneli moja yenye toleo la HD na toleo la kawaida inaweza kupishana na nafsi yake, kwa kuwa kila toleo lina enkoda yake. Na jirani anayetumia antena anaweza kuwa nyuma ya mwenye dishi ingawa mnara anauona kwa macho, maana mara nyingi mnara wenyewe unaipokea chaneli kutoka setilaiti kwanza ndipo uirushe upya. Kwenye mtaa wenye vibanda umiza viwili, vile vya kutazamia mpira kwa kiingilio, vilivyopakana, kila mtu anajua kibanda kipi hupiga kelele kwanza. Wapo wanaoamini chenye kelele za kwanza kina televisheni bora. Televisheni haihusiki sana. Ni njia ambayo picha imepitia.

Maji ya tangi

Kwa simu ndiko kuchelewa kunakuwa kukubwa, na ndiko watu wengi wa makundi yetu waliko siku hizi.

Matangazo ya mtandao hayatiririki kama bomba. Yanakatwa vipande. Mfumo uliotapakaa zaidi ni ule uliotolewa na Apple mwaka 2009, na mwanzoni kila kipande kilikuwa cha sekunde kumi. Mwaka 2016 wakashauri viwe vya sita. Sasa fikiria: kipande cha sekunde sita hakiwezi kuondoka kabla sekunde sita hazijapita uwanjani, kama daladala isiyotoka kituoni mpaka ijae. Kisha simu yako, kabla ya kuanza kuonyesha chochote, hupenda kukusanya vipande kama vitatu iviweke akiba. Tatu mara sita ni sekunde kumi na nane, na hapo hatujahesabu kubana picha, kuigawa kwenye seva mbalimbali, yaani kompyuta za kuisambaza, na kuipakua. Ndiyo maana kutazama kwa mtandao kunakuacha nyuma kwa nusu dakika, na pengine dakika nzima.

Kwa nini waweke akiba? Nyumba yenye tangi juu ya paa haishtuki maji ya bomba yakikatika. Wanaoga, wanapika, wanafua, wala hawajui kuwa mtaa mzima hauna maji. Ila maji wanayotumia si yanayoingia sasa, ni ya saa kadhaa zilizopita. Simu yako ndivyo inavyofanya. Mnara ukizidiwa kwa sekunde tano, inachota kwenye tangi na mpira unaendelea kuchezwa. Tangi likiwa kubwa, picha inatulia lakini inazeeka. Tangi likiwa dogo, picha ni mbichi lakini inaganda kila mara. Ninasisitiza hili kwa sababu wengi wanadhani kuchelewa ni uzembe wa mwenye programu. Hiyo ndiyo bei ya kutokuganda.

Na kuna kitu kingine kuhusu kuganda ambacho ningependa kila mtazamaji akijue. Tangi likikauka, ile duara ikazunguka kwa sekunde kumi, picha ikirudi huanzia pale ilipoishia. Kwa kawaida hairuki mbele kuwakuta wenzako. Maana yake sasa uko nyuma sekunde kumi zaidi ya ulivyokuwa, na skrini haikuambii. Ikiganda mara tatu kipindi cha kwanza, unaingia mapumzikoni ukiwa umeachwa nusu dakika juu ya ile uliyoanza nayo. Hivyo watu wawili waliokaa kochi moja, programu moja, mtandao mmoja, wanaweza kuliona goli moja kwa nyakati mbili.

Wakati huohuo ujumbe wa "Wamesawazisha" una herufi kumi na tatu. Haubanwi, hausubiri kujaa, hauhitaji tangi. Ni bodaboda yenye abiria mmoja asiye na mzigo, inapenya. Kutoka Dodoma hadi Toronto, mtandao ukiwa mzima, inachukua sekunde moja au pungufu.

Kuna swali zuri ambalo niliulizwa na dada yangu: mbona akinipigia simu ya video kutoka Leicester tunaongea bila kusubiriana? Picha si ni picha? Ni kweli, na hilo linaonyesha kuwa mtandao unaweza. Simu ya video inafanya kazi karibu bila tangi. Mtandao ukiyumba, uso wa dada unakuwa vipande vipande vya rangi, sauti inakatika, tunasema "rudia, sijasikia", tunaendelea. Tunavumilia kwa kuwa tunataka kujibizana. Mpira ukionyeshwa hivyo kwa watu waliolipia, simu za malalamiko hazitakoma. Zaidi ya hapo, simu ya video inatoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine. Mechi kubwa inatoka sehemu moja kwenda kwa mamia ya maelfu kwa pamoja, na vile vipande ndivyo vinavyorahisisha kunakiliwa na kuhifadhiwa kwenye seva nyingi zilizo karibu na watazamaji. Wahandisi wanaendelea kuvifupisha, na sehemu nyingine sekunde zimepungua sana. Lakini bado ni kuchagua kati ya picha mbichi na picha tulivu.

Redio, na kelele za Temeke

Zamani tatizo hili halikuwepo, na si kwa sababu watu walikuwa na subira zaidi. Televisheni ya analojia haikubana kitu. Kilichoonwa na kamera kilirushwa kilivyo, na kilipofika kwenye kioo chako kilikuwa bado cha moto. Tanzania ilianza kuzima mitambo ya analojia Dar es Salaam Desemba 31, 2012, na Kenya ikamaliza kazi hiyo mwaka 2015. Kabla ya hapo, mtu aliyependa utangazaji wa redio aliweza kunyamazisha televisheni, akafungulia redio, na vikaenda pamoja.

Jaribu leo. Redio ya FM bado inarusha mawimbi yake kwa namna ile ya zamani, na kama mtangazaji yuko uwanjani na laini yake ni nzuri, atalitangaza goli wakati kwenye televisheni yako winga hata hajapiga krosi. Kwa hiyo kwenye kundi lolote, mzee anayefuatilia kwa redio ya betri, asiyeona picha yoyote, anaweza kuwa ndiye wa kwanza kujua.

Mwingine anayeitangulia picha ni mkazi wa jirani na Uwanja wa Benjamin Mkapa, ulioko Temeke, Dar es Salaam. Uwanja ule unaingiza watu 60,000. Sauti inasafiri kilomita moja kwa takriban sekunde tatu. Basi aliyekaa sebuleni kwake umbali wa kilomita moja, siku ya Simba na Yanga, anausikia mlipuko wa kelele sekunde tatu baada ya mpira kuingia wavuni, wakati dishi lake litamwonyesha baada ya tano au zaidi. Sauti ya watu, inayotembea polepole kuliko mawimbi yoyote ya redio, inaipita setilaiti. Novemba 5, 2023, Yanga walipoifunga Simba 5-1, mtu wa namna hiyo aliweza kuhesabu magoli sita bila kuangalia kioo, ingawa kujua ni la nani ilimbidi asubiri.

Wanaocheza mikeka wanalijua jambo hili kuliko sisi wengine, na hapo si utani tena. Kampuni za kubeti huzuia dau la mechi inayoendelea kwa sekunde kadhaa kabla ya kulikubali, hasa kwa ajili ya watu walio karibu na tukio. Januari 2014, kwenye mashindano ya tenisi ya Australian Open mjini Melbourne, mtu alikamatwa uwanjani akituhumiwa kupeleka habari za pointi haraka kuliko matangazo, ingawa mashtaka yalifutwa baadaye. Kijana anayebeti kwa kutegemea picha ya simu yake anashindana na walioshaona. Ningemwomba aache.

Saa za nani

Kabla hata ya sekunde, makundi yetu yanagombana kwa saa. Ile mechi ya San Pedro ilianza saa 2 usiku kwa saa za Afrika Mashariki. Goma na Bujumbura wako nyuma yetu kwa saa moja, kwao ilikuwa saa 1. Muscat wako mbele kwa saa moja. Toronto ilikuwa saa 6 mchana, na mwenzetu aliomba ruhusa kazini. Toronto na Uingereza wanasogeza saa zao mara mbili kwa mwaka, sisi hatusogezi, hivyo tofauti uliyoizoea Januari si ya Julai.

Juu ya hayo tuna hesabu yetu ya saa inayoanza na mapambazuko. Simu inasema 20:00, mswahili anasema saa mbili usiku, na mtoto wa ndugu yetu aliyekulia ughaibuni anaandika "mechi saa nane". Nusu ya kundi wanawasha televisheni mchana. Tumekubaliana kuandika "saa 2 usiku ya Dar", na ugomvi huo ukaisha siku hiyohiyo.

Tamthilia ni hadithi nyingine, maana kule watu hawapishani kwa sekunde, wanapishana kwa wiki. Mmoja anafuata zile za Kituruki zilizotiwa sauti za Kiswahili kwenye chaneli, usiku mmoja sehemu moja. Mwingine ameshazimaliza zote mtandaoni kwa lugha ya asili. Huyo hana kisingizio cha enkoda. Anajua kabisa kwamba wenzake hawajafika, na akiandika nani anakufa ameandika kwa kukusudia. Kwetu, mazungumzo ya tamthilia tuliyahamishia kundi la pembeni, na kila mtu anaanza na namba ya sehemu aliyofikia.

Kwa mpira dawa ilikuwa tofauti. Mwenzetu wa Toronto alirudi kundini baada ya wiki tatu, na ndipo tulipoanza kupimana. Mechi ikianza, wa Dodoma anasubiri saa ya mchezo kwenye televisheni yake isome 5:00 kamili, anaandika "tano". Kila anayeupata ujumbe huo anajibu kwa kile kinachosomeka kwenye skrini yake muda huo. Ukisoma 4:21, uko nyuma yake kwa sekunde 39. Inachukua dakika moja na kila mtu anajua amekaa wapi. Halafu hakuna anayeandika chochote kuhusu goli, penalti au kadi nyekundu mpaka ahesabu sekunde za yule wa nyuma kabisa. Asiyeweza kujizuia anaruhusiwa kumpigia mwenzake mwenye dishi wakapiga kelele wawili. Asiyetaka hatari yoyote anazima arifa za kundi, na za programu za matokeo pia, kwa kuwa hizo hazijui makubaliano yetu.

Baada ya mapumziko tunapima upya. Mechi ya mwisho tuliyotazama, wa Toronto alianza akiwa nyuma kwa sekunde 34. Simu ikamgandia mara mbili, na kipindi cha pili kilipoanza alikuwa nyuma kwa 52. Akafunga programu, akaifungua tena ili aingie kwenye kipande kipya, akarudi kwenye 31. Dakika ya 70 kundi lilinyamaza ghafla, na mimi niliyekuwa na dishi safari hii nilijua kwa nini. Tulikaa kimya watu kumi na saba, kila mmoja ameshika simu yake, tukimsubiri afike.